Siku 28 za kwanza: vitamini B na ubongo wa mtoto tumboni

Kutoka Kavimvira hadi Makobola, wamama wengi wanaanza CPN wakati tumbo limeshaonekana, mwezi wa nne ao wa tano. Pale wanapewa vidonge vya chuma na asidi foliki, na ni vizuri wavimeze. Lakini kuna kazi moja ambayo vidonge hivyo vinakuta imeshaisha. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga karibu siku ya 28 kisha mimba kutungwa. Siku hiyo damu ya mwezi imechelewa wiki mbili tu. Wengi hawajui hata kama wana mimba.

Asidi foliki ni vitamini B9. Bila hiyo mwili wa mtoto unashindwa kukua haraka inavyotakiwa, na mfereji ule unaweza kubaki wazi. Mtoto anazaliwa na kivimbe mgongoni na miguu isiyo na nguvu, ao fuvu halikukamilika. Hapo watu wananong'ona: uchawi, ao mama alikosa. Utafiti uliotolewa mwaka 1991, ukiongozwa na Uingereza, uliangalia wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Asidi foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza hatari kwa asilimia 72. Haikuiondoa yote, kwa hiyo tuache kuhukumu wamama.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayetafuta mimba ameze miligramu 0.4 kila siku, hadi wiki ya 12. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji zaidi, na muganga ndiye anapanga kipimo. Usijinunulie tu: kidonge cha miligramu 5 kinapunguza nguvu ya Fansidar, ile dawa ya kukinga malaria wanayotoa CPN.

Kwenye sahani, foliki iko ndani ya maharagi na lengalenga. Moto mrefu unaiharibu. Sombe lazima ichemke sana juu ya sumu yake, basi usiitegemee peke yake. Bugali ya muhogo inashibisha, lakini vitamini B ndani yake ni kidogo.

Vitamini B12 ni habari nyingine: mboga haina. Iko kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, na hapa kwetu ziwa limetupa ndagala, hata kavu inabaki nayo. B12 inasaidia kujenga utando unaofunika neva, kazi inayoendelea kisha kuzaliwa. Mama asiyekula samaki wala nyama muda mrefu, maziwa yake yanapungukiwa, na mtoto anaweza kulegea, kuacha kucheka, hata kushindwa kukaa wakati alikuwa ameshaanza.

Kuanzia miezi sita, ndagala inaingia ndani ya uji. Ile iliyoanikwa kwenye mchanga ioshe kwanza, ikauke tena, halafu itwange laini na kuichekecha, mifupa isimkwame.