Shahada ya Sayansi ya Maabara ya Tiba

Shahada ya sayansi ya maabara ya tiba ni masomo ya kuchunguza damu, mkojo, choo na makohozi ili kutambua ugonjwa. Nchini Kenya huchukua kwa kawaida miaka minne, na hufundishwa katika vyuo kama Jomo Kenyatta (JKUAT) na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Anayeomba huhitaji angalau C+ katika mtihani wa kitaifa wa sekondari (KCSE). Kufuzu pekee hakumruhusu kufanya kazi: lazima asajiliwe na KMLTTB, bodi ya mafundi na wataalamu wa maabara ya tiba nchini, iliyoundwa kwa sheria ya 1999.

Kwa kijana wa Kibera au Kawangware jijini Nairobi, uzito wa masomo haya unaonekana mtaani kwake. Chukua taifodi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliofuatilia wakazi wa Kibera kupitia Kliniki ya Tabitha, walikuta kati ya 2007 na 2009 takribani wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na watoto wa miaka 5 hadi 9 ndio walioathirika zaidi.

Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, kazi ya siku kadhaa. Kliniki nyingi ndogo hutegemea kipimo cha Widal, kinachotafuta kingamwili katika damu, ambacho ni cha haraka na rahisi. Tatizo lake ni kubwa: kingamwili za maambukizi ya zamani zaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, na mgonjwa akameza antibiotiki bure.

Ndiyo maana mwanafunzi husoma mikrobiolojia, parasitolojia, hematolojia, biokemia na upangaji wa makundi ya damu, kisha hupelekwa hospitalini kwa mazoezi.