Kutoka .38 Hadi 9mm: Risasi Walizobeba Polisi wa Marekani

Mwaka 1895 Theodore Roosevelt, ambaye baadaye angekuwa Rais wa Marekani, aliteuliwa kuongoza bodi ya makamishna wa polisi wa jiji la New York. Alikuta silaha za askari wake ni mchanganyiko: huyu ana bastola ya kiwanda hiki, yule ya kiwanda kile, na risasi za mmoja haziingii kwenye silaha ya mwenzake. Wengi walikuwa hawajafundishwa hata kulenga. Mwaka uliofuata bodi ikachagua rivolva moja kwa wote, Colt New Police ya kaliba ya .32, na mafunzo ya shabaha yakaanzishwa. Leo risasi hiyo ingechekwa kwa udogo. Lakini askari wa doria wa zama zile alitegemea rungu zaidi kuliko bastola, na .32 ilikuwa nyepesi kubeba na haikumrusha mkono mpigaji.

Msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea jeshi moja la polisi chini ya Inspekta Jenerali mmoja, anaweza kudhani kwamba uamuzi wa New York ulifuatwa nchi nzima. Haikuwa hivyo. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, vya miji, vya kaunti, vya majimbo na vya serikali kuu, na kila kimoja hujinunulia silaha zake. Mji wenye askari 6 huchagua kwa uhuru uleule wa mji wenye askari 30,000. Katika hali hiyo, kinachoamua risasi ipi itaenea mara nyingi si sheria. Ni tukio moja la kutisha ambalo habari zake huzifikia idara zote kwa wakati mmoja.

Kaliba ni kipenyo cha risasi, na Wamarekani huipima kwa sehemu za inchi. Majina yenyewe si ya kuaminika sana. Risasi iitwayo .38 Special ina upana wa inchi 0.357, sawasawa na .357 Magnum, na ile ya 9mm ni inchi 0.355. Ukivipanga mezani vichwa vya risasi hizo tatu, hutaona tofauti ya upana kwa macho. Risasi ya .40 ni milimita 10 na ushei, na .45 ni takriban milimita 11.5. Ugomvi wa zaidi ya karne nzima, basi, umo ndani ya milimita 2 na nusu. Kilichobaki ni baruti, uzito na umbo la kichwa cha risasi.

Ugomvi huo ulianzia jeshini. Katika vita vya Ufilipino mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa Marekani walilalamika kwamba rivolva zao za .38 Long Colt hazikuwazuia wapiganaji wa Kimoro, Waislamu wa visiwa vya kusini, ambao waliendelea kuwajia na panga baada ya kupigwa risasi kadhaa. Mwaka 1904 maofisa wawili, John T. Thompson na daktari Louis La Garde, walifanya majaribio kwa kupiga risasi ng'ombe wa machinjio ya Chicago, na pia maiti za binadamu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba askari vitani asipewe bastola iliyo chini ya .45. Jeshi likakubali, na mwaka 1911 likapokea bastola ya Colt iliyodumu nalo kwa zaidi ya miaka 70.

Polisi wa miji hawakufuata. Risasi ya .45 ilihitaji bastola kubwa na nzito, na askari wa mtaani hakuwa akikabiliana na kundi la wenye panga msituni. Wao walichukua .38 Special, iliyotolewa na Smith & Wesson mwishoni mwa miaka ya 1890: yenye nguvu kuliko ile iliyoshindwa Ufilipino, lakini bado mtu wa kawaida aliweza kuifyatua bila kuiogopa. Rivolva yake, iliyokuja kuitwa Model 10, imetengenezwa zaidi ya milioni 6. Kwa nusu karne na zaidi, ukimtaja polisi wa Marekani umetaja rivolva ya risasi 6 za .38.

Kilichoitikisa kwanza ni gari. Katika miaka ya 1920 na 1930 majambazi wa benki walianza kukimbia kwa magari yenye mabati mazito, na baadhi yao walivaa fulana za kuzuia risasi. Risasi ya .38, butu na ya mwendo wa polepole, mara nyingi ilishindwa kuupita mlango wa gari. Clyde Barrow, aliyeuawa pamoja na Bonnie Parker huko Louisiana mwaka 1934, alikuwa akitumia bunduki za kivita zilizoibwa kwenye maghala ya jeshi la akiba. Viwanda vikajibu: Colt na .38 Super mwaka 1929, Smith & Wesson na rivolva nzito ya .38/44 mwaka uliofuata, kisha mwaka 1935 .357 Magnum. Hii ya mwisho ilikuwa na upana uleule wa .38, ila ganda lake lilirefushwa kidogo na baruti ikaongezwa kiasi kwamba risasi ilikaribia kwenda mara mbili ya mwendo wa ndugu yake. Rivolva ya kwanza ya aina hiyo alikabidhiwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Kiwanda kilijua kutangaza biashara.

Magnum ilipendwa hasa na polisi wa barabara kuu. Mijini ilizua mashaka, kwa sababu risasi inayopita mlango wa gari hupita pia ukuta wa mbao wa nyumba ya jirani. Isitoshe, ilikuwa na kishindo kikubwa. Kwa kuwa rivolva ya .357 hupokea pia risasi za .38, idara nyingi zilifanya ujanja wa kubana matumizi: askari alifanya mazoezi na .38 ya bei nafuu, halafu akaingia kazini na Magnum. Aprili 1970 maofisa 4 wa doria ya barabara kuu ya California waliuawa huko Newhall katika mapambano yaliyodumu dakika chache tu. Uchunguzi uliofuata ulikosoa mambo mengi, na mazoezi ya risasi hafifu kuliko za kazini yalikuwamo. Mmoja wa maofisa hao aliuawa akijaribu kurudishia risasi kwenye rivolva, moja baada ya nyingine.

Bastola yenye magazini ingemsaidia, na ilikwisha kuwapo. Risasi ya 9mm ilibuniwa na Georg Luger nchini Ujerumani mwaka 1902, lakini polisi wa Marekani waliitazama kama kitu cha kigeni. Polisi wa jimbo la Illinois walithubutu kuichukua mwaka 1967, na wengi walisitasita hadi miaka ya 1980, jeshi lilipochagua Beretta ya 9mm na Glock ikaingia kutoka Austria. New York iliruhusu bastola za 9mm mwaka 1993. Rivolva za mwisho za maofisa wakongwe ziliondolewa mwaka 2018.

Wingi wa risasi ulileta swali lake. Februari 1999, huko Bronx, polisi 4 walimfyatulia Amadou Diallo, kijana mhamiaji wa Guinea asiyekuwa na silaha, risasi 41. Zilizompata ni 19. Wawili kati ya polisi hao walimaliza bastola zao zenye risasi 16. Kwa rivolva, wote wanne pamoja wasingevuka 24 kabla ya kusimama kujaza tena. Wapenzi wa bastola huandika kurasa nyingi kuhusu ukubwa wa risasi na chache mno kuhusu hesabu hii.

Hata hivyo tukio lililobadilisha silaha za nchi nzima lilitokea Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa 8 wa FBI waliwazuia watu 2 waliosakwa kwa wizi wa kutumia silaha. Mmoja wao alikuwa na bunduki ya kaliba ya .223. Mapema katika mapambano, risasi ya 9mm ilipita kwenye mkono wake, ikaingia kifuani na kusimama karibu na moyo bila kuufikia. Aliendelea kupigana, na maofisa 2 wakafa, wengine 5 wakajeruhiwa.

FBI ikailaumu risasi. Kwa maoni yangu lawama hiyo ilikuwa rahisi mno: watu ambao wengi wao walikuwa na bastola tu walikutana na mtu mwenye bunduki, na walioanzisha makabiliano hayo ni maofisa wenyewe. Lakini lawama hiyo ilizaa kipimo kizuri. Wataalamu walikubaliana kuwa risasi ya polisi, ikipigwa kwenye gelatini maalumu, izame kati ya sentimita 30 na 45, hata baada ya kupita nguo nzito, kioo cha gari au bati. FBI ikachagua 10mm, ikaiona kali mno, ikaagiza ipunguzwe baruti. Smith & Wesson walitambua kwamba sehemu ya ganda sasa ilikuwa tupu bure. Wakalikata, na Januari 1990 wakatoa .40 S&W, iliyotosha kwenye bastola yenye umbo la 9mm. Glock waliharakisha na kufikisha bastola zao za .40 sokoni kabla ya wenye risasi yao. Katika muongo huo .40 ilienea sana kwa polisi.

Halafu ikashuka. Msukumo wake ni mkali kwenye bastola nyepesi, na idara zilikuwa zimeanza kuajiri wanawake wengi zaidi na watu wa viganja vya kila saizi. Kipimo kilekile kilichozaliwa Miami kiliwalazimisha watengenezaji waboreshe vichwa vya 9mm, vinavyopanuka na bado vikazama vya kutosha. Vichwa vya namna hiyo jeshi halikuvitumia vitani, kutokana na azimio la The Hague la 1899. Polisi walivipenda kwa sababu haviponyoki kirahisi mwilini na kumpata mpita njia. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI iliandika kwamba katika mapambano halisi polisi hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga, na kwamba wengi hulenga haraka na vizuri zaidi kwa 9mm. Mwaka 2016 FBI ikaagiza Glock za 9mm, na idara ndogo zikafuata, kama zilivyoifuata kwenye .40.

Bastola za .40 zilizoachwa ziliingia madukani. Ni desturi ya idara nyingi kumrudishia muuzaji silaha za zamani ili bei ya mpya ipungue, naye huziuza kwa raia zikiwa na mikwaruzo ya ala, nyingine zikiwa bado na mhuri wa polisi wa mji. Idara chache hukataa na kuziponda, zikihofia siku askari wao atakapoelekezewa bastola iliyowahi kukaa kiunoni mwa mwenzake.