Mfumo wa maficho

Wanaakiolojia wa Israeli wakiandika juu ya vilima vya Shefela, kusini-magharibi ya Jerusalem, hutumia istilahi ya Kiebrania *maarekhet mistor*. *Maarekhet* ni mfumo, na *mistor* ni mahali pa kujificha. Shina la *mistor*, s-t-r, ni ndugu wa lile lililotuletea sitiri na stara kutoka Kiarabu, na kuna atakayeshawishika kuandika "mfumo wa stara". Asifanye hivyo. Stara kwetu imeshahamia kwenye mavazi na heshima. Msomaji ataliona buibui kabla hajauona mwamba.

Na mwamba ndio wenye habari. Shefela ni chokaa laini yenye gamba gumu juu yake, kwa hiyo wanakijiji walikuwa wamezoea kuchimba chini ya nyumba zao: mabirika ya maji ya mvua, maghala, vyumba vya kukamulia zeituni, vyumba vya kufugia njiwa. Waasi wa Kiyahudi, hasa wale wa Shimon bar Kosiba (maarufu kwa jina la Bar Kokhba) waliopigana na Roma kuanzia mwaka 132, waliviunganisha vyote hivyo kwa vinjia vyembamba ambavyo mtu hupita kwa kutambaa. Kinjia hukata kona ghafla, kisha huangukia kwenye shimo la wima linaloteremka hadi ngazi nyingine. Askari wa Kirumi angeingia kichwa mbele, ngao imemshinda kupitisha, bila kujua nani anamsubiri baada ya kona. Ukutani kuna vishubaka vya taa za mafuta. Mlangoni, bamba la jiwe la kuzibia kwa ndani. Mara nyingi kinjia kimetoboa lipu ya birika, na birika lililotobolewa halishiki maji tena. Hapo mchunguzi hujua kwamba mwenye nyumba alikuwa ameacha hesabu za kawaida za maisha.

Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika karne ya 3, anasema Wayahudi hawakuthubutu kuwakabili Warumi uwanjani, bali walichimba njia za chini kwa chini na kuzitoboa kwa juu zipate hewa na mwanga. Utafiti wa wanaakiolojia Amos Kloner na Boaz Zissu umeonyesha kwamba Dio hakuwa akipiga chuku.

Kwa Kiswahili, "handaki" linakaribia lakini halitoshi. Aliyekuwa Mwanza au Bukoba wakati wa vita vya Kagera anajua handaki ni shimo la kujikinga na mabomu, na wanajeshi hulijua kama mtaro wa kupigania. "Pango" ni baya zaidi, maana pango hukutwa, halichongwi. Napendekeza "mfumo wa maficho", na kila kinjia kiitwe ushoroba.

Neno pango tuliwekee jangwa la Yudea, mashariki. Huko, katika bonde la Nahal Hever, mnamo 1960 mwanaakiolojia Yigael Yadin alipata barua za Bar Kokhba ndani ya pango la asili lililo juu kwenye jabali. Mapango ya huko ni ya kimbilio: watu waliyakimbilia na familia zao vita vilipowaelemea. Maficho ya Shefela yalichongwa chini ya vijiji vyenye watu, mengine kabla ya vita kuanza. Anayeyaita yote "mapango" anachanganya maandalizi na kushindwa.