Jiwe Linalotisha Kuliko Jini

Filamu za kutisha tulizozizoea zina jini, kaburi na usiku wa manane. Mwongozaji Anisia Uzeyman alikianza kitisho chake mchana kweupe. Tekno, mchimbaji kijana, anainua kipande cha koltani, anakitazama kwa mshangao, na mlinzi anampiga hadi anakufa. Nduguye Matalusa anaukimbia mgodi. Ndivyo inavyoanza Neptune Frost. Wengi huiita filamu ya muziki, na nyimbo kweli zimejaa. Lakini mwanzo ule ulinikaa akilini usiku kucha kuliko jini lolote.

Uzeyman alizaliwa Gihindamuyaga, kusini mwa Rwanda, akasomea uigizaji Ufaransa. Mwaka 2012 aliigiza katika Tey ya Alain Gomis, akiwa mke wa mtu anayejua kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho. Mtu huyo aliigizwa na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, ambaye ni mwenzi wa Uzeyman. Kisha Uzeyman akahamia nyuma ya kamera: Dreamstates ya 2016 aliipiga kwa simu za iPhone. Neptune Frost waliiongoza pamoja na Williams, picha akazipiga mwenyewe, na Julai 2021 ikaonyeshwa Cannes.

Walikusudia kuipiga Burundi. Machafuko ya 2015 nchini humo yakawaleta Rwanda, walikowakuta wasanii Warundi waliokimbia kwao. Ndiyo maana Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili vinapishana humo kama sokoni Kamembe, mji wa wilaya yetu ya Rusizi.

Na sisi wa Rusizi tuna mkono wetu katika filamu ile. Mavazi ni kazi ya Cedric Mizero, mzaliwa wa Gishoma, mbunifu aliyejifundisha mwenyewe. Aliokota mabaki ya kompyuta, nyaya na vitufe vya kibodi, akayageuza mapambo ya mwilini. Yatazame kwa karibu: vitufe vile vingali na herufi zake, kana kwamba nguo inangoja kuandikwa. Koltani hutoa tantali, madini yanayotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Basi jiwe lililomuua Tekno linarudi likiwa limevaliwa na wenzake.

Jioni, kutoka Kamembe, taa za Bukavu zinaonekana ng'ambo, upande wa Kongo. Nyuma ya taa zile, katika vilima vya Kivu Kusini, vijana wa rika la Tekno wangali wanachimba.