Mwanamke wa mwaka 1900 katika darasa la Simi-Simi

Ukitoka katikati ya Kisangani kuelekea magharibi, Mto Kongo ukiwa mkono wako wa kushoto, utafika Simi-Simi. Wengi wanaijua kwa uwanja wake wa zamani wa ndege, walikoshuka askari wa miavuli wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba 1964. Lakini mwalimu wa historia ana sababu nyingine ya kuwaleta wanafunzi wake huku. Upande huu wa mto ndiko Padri Gabriel Grison alikoanzisha misheni ya Saint-Gabriel mwaka 1897, na ukiendelea kuteremka na mto utakuta Yakusu, misheni ya Wabaptisti kutoka Uingereza. Hapo katikati unaweza kufundisha jinsi nafasi ya mwanamke ilivyogeuka mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuazima mfano hata mmoja kutoka Ulaya.

Somo hilo kwa kawaida huanza hivi: zamani mama alikaa jikoni, kisha shule ikaja ikamtoa. Kwa Kisangani, mwanzo huo ni wa uongo. Mama wa Kilokele, kabila la wavuvi wa mto huu, alikuwa mtoni kabla ya mmisionari yeyote. Alipiga kasia, akapeleka samaki kwenye masoko ya ukingoni, akabadilishana na watu wa bara kwa mihogo na ndizi. Na katika mji wa Wangwana, watu wa Kiswahili wa msafara wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefanywa gavana hapa mwaka 1887, wanawake wengi waliofika kama mateka walilima mashamba na kulea watoto waliokua wakisema Kiswahili.

Halafu yakaja mambo ya mpira, ule utomvu wa msituni. Katika maeneo ya mpira ya Dola Huru ya Kongo, koloni binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mawakala na askari waliwakamata wanawake na kuwafungia mpaka waume zao walete mzigo uliotakiwa. Taarifa ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 1905, ilikiri kuwa jambo hilo lilifanyika. Hapo wanafunzi waulizwe: kwa nini akamatwe mke, wala si mume? Jibu linafundisha mengi. Mume alitakiwa awe huru ili aingie msituni. Na kijiji kisicho na wanawake hakikuwa na wa kupanda, wala wa kupika, kwa hiyo hakingevumilia siku nyingi.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, minyororo ililegea, daftari la kodi likafunguka. Sheria ya kodi ya mwaka 1910 ilimtoza mume nyongeza kwa kila mke aliyezidi mmoja. Mwaka 1917 serikali ilipata ruhusa ya kulazimisha kilimo hadi siku 60 kwa mwaka. Amri ilimwelekea mwanamume, lakini jembe mara nyingi lilikuwa mikononi mwa mkewe. Alilima mazao ya serikali, kisha akarudi kulima ya watoto.

Wakati uleule misheni zilikuwa zikimfundisha binti kushona, kupiga pasi na kulea mtoto kwa namna ya Kizungu, huku kaka yake akiandaliwa kuwa karani, mwalimu au muuguzi. Shule ilimpa binti kusoma na kuandika, na hilo si dogo. Lakini ilimpa pia fikra mpya: kwamba mahali pake ni nyumbani, chini ya mshahara wa mume. Jiko tunaloliita la asili limejengwa, kwa sehemu, na darasa.

Mjini aliyeikataa fikra hiyo alilipia. Mwanamke aliyeishi bila mume, akiuza chakula au kupangisha chumba, alitozwa kodi yake mwenyewe kama "anayeishi peke yake kwa nadharia". Daftari lililomtambua kama nyongeza ya kodi ya mumewe sasa lilimpa mstari wake, ili alipe.

Mwalimu anayetaka somo hili likae kichwani aanze na mambo ambayo watoto wanayaona. Awapeleke ukingoni wahesabu nani anauza, nani anapiga kasia, nani anabeba. Awatume nyumbani wakamwulize nyanya: mama yako alilima nini, alimlimia nani, na nani alipokea pesa? Majibu yawekwe kando ya sheria ya 1910 na ya 1917, na darasa litafute mahali zinapokutana.

Mwishoni aandike ubaoni hesabu moja. Mwanamke aliyezaliwa ukingoni hapa mwaka 1900 alikuwa mtoto wakati wa mpira. Alikuwa na miaka 17 kilimo cha lazima kilipoanza. Mwaka 1960, nchi ilipopiga kura ya uchaguzi kabla ya uhuru, kura ilikuwa ya wanaume tu. Haki ya kupiga kura ilimfikia kwa katiba ya 1967.

Wanafunzi watoe wenyewe: 1967 kutoa 1900.