Kanuni ya Kujitegemea katika Mbio za Nyika za Baiskeli za Milimani Nchini Marekani, 1976–1996

Insha hii inachunguza chimbuko la mashindano ya kitaifa ya mbio za nyika za baiskeli za milimani nchini Marekani. Hoja yake ni kwamba kilichoyatofautisha mashindano hayo na mbio za barabarani si mlima pekee, bali pia kanuni moja: mshindani aliyeharibikiwa na baiskeli njiani alitakiwa kuitengeneza mwenyewe, bila msaada wa mtu mwingine.

Kanuni hiyo ilitokana na mazoea yaliyoitangulia. Mnamo Oktoba 1976, vijana wa Kaunti ya Marin, California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, wakitumia baiskeli kuukuu. Breki zake za kitovuni zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi zijazwe grisi upya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack. Hapakuwa na fundi wa kuajiriwa. Mwendeshaji ndiye aliyekuwa fundi.

Chama cha NORBA kilipoundwa mwaka 1983 ili kusimamia mbio hizo, mazoea yaligeuzwa kuwa sheria. Mshindani alibeba tyubu, pampu na vifaa vyake. Matokeo yake yalionekana hata katika uchaguzi wa tairi: tairi jepesi lilimrahisishia kupanda mlima, lakini lilitoboka upesi; tairi zito lilistahimili mawe, lakini lilimchelewesha. Katika msururu wa mashindano ambamo alama za kila mbio hujumlishwa, pancha moja iliweza kumgharimu mtu nafasi yake ya msimu mzima. Sheria hiyo iliwahusu wanaoanza, wazoefu na wanamichezo wa kulipwa, ingawa kila kundi lilishindana katika daraja lake.

Hata hivyo, ukuaji wa mchezo uliitia sheria hiyo majaribuni. Mwaka 1990, mji wa Durango, Colorado, uliandaa ubingwa wa dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI), ambapo Wamarekani Ned Overend na Juli Furtado walitwaa ubingwa wa mbio za nyika. Mwaka 1996 mchezo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta, na Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia wakashinda dhahabu. Kadiri fedha za wadhamini zilivyoongezeka, ndivyo ilivyokuwa vigumu kukubali kwamba msumari mmoja uamue ubingwa. Katika miaka ya 2000, UCI iliruhusu msaada wa mafundi katika maeneo maalumu ya njia.

Badiliko hilo lilipunguza nafasi ya bahati mbaya kuamua mshindi. Lakini pia lilihamisha sehemu ya ushindi kutoka mikononi mwa mwendeshaji kwenda kwa timu yenye uwezo wa kugharamia mafundi. Kwa hiyo, historia ya mchezo huu haiwezi kuandikwa kwa orodha ya washindi pekee. Ni lazima ieleze pia ni nani aliyeruhusiwa kushika spana.