Utumbo wa samaki si nakala ya maji anamoogelea

Mililita moja tu ya maji ya ziwa kwa kawaida huwa na bakteria wapatao milioni moja. Samaki hana namna ya kuwaepuka. Huwameza pamoja na chakula, huwapitisha mashavuni kila anapovuta pumzi, kisha huwarejesha majini kupitia kinyesi.

Kwa sababu hiyo, ni rahisi kudhani kwamba bakteria walio tumboni mwake ni wale wale walio majini. Sivyo.

Mnamo 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington jijini St. Louis, Marekani, walichukua bakteria wa utumbo wa panya na kuwatia katika samaki wadogo aina ya zebrafish waliolelewa bila viini vyovyote. Bakteria wa zebrafish nao walitiwa katika panya waliolelewa vivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa, uwiano wa makundi hayo ulikuwa umebadilika na kukaribia ule wa kawaida wa mwenyeji mpya. Utumbo ndio uliochagua.

Uchaguzi huo hufanywa na mambo mengi: asidi ya tumbo, ambayo kwa tilapia ni kali mno, nyongo, kinga ya mwili na uhaba wa oksijeni. Bakteria aitwaye Cetobacterium somerae, kwa mfano, hustawi pasipo oksijeni. Hupatikana kwa wingi katika utumbo wa tilapia na samaki wengine wa maji baridi, na hutengeneza vitamini B12.

Hata hivyo, maji ndiyo ghala ambamo utumbo huchagulia. Kifaranga huanguliwa kinywa chake kikiwa bado hakijafunguka. Kinapofunguka, maji yanayomzunguka ndiyo humpa wakazi wake wa kwanza. Ndiposa maji machafu katika kituo cha kuangulia vifaranga huweza kuleta hasara kabla mfugaji hajaona dalili yoyote.

Kwa mfugaji, hatari kubwa huzuka wakati uhusiano huu unapovurugwa kwa dawa. Viuavijasumu vinavyochanganywa na lishe haviui viini vya maradhi pekee. Huangamiza pia wakazi wema wa utumbo na kuacha nafasi tupu. Aeromonas hydrophila, ambaye huishi majini na hata tumboni mwa samaki mzima bila kumdhuru, huweza kuijaza nafasi hiyo na kumletea vidonda na kutokwa na damu, hasa samaki anapokuwa amesongamana na wenzake au kukosa hewa ya kutosha.

Isitoshe, sehemu ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa ingali na nguvu, ikatua kwenye tope. Huko bakteria hupeana jeni za usugu, hata kati ya spishi tofauti, na baadhi yao humezwa tena na samaki.

Suala hili linaigusa Kenya moja kwa moja. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na ufugaji wa tilapia na kambale ukaenea hadi maeneo ambayo hayakuwa na mazoea ya samaki. Kidimbwi kinapofunguliwa ili kivunwe, maji yake, pamoja na bakteria waliopitia matumboni mwa samaki, huteremka hadi kwenye vijito ambako ng'ombe hunyweshwa na watu huteka maji.